Intarapti Haiulizi Uko Benki Gani

Hii ni hotuba niliyoitoa hapa Tanga mbele ya mafundi elektroniki na wanafunzi wa ufundi, naiweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha za ukutani nimeziacha, maneno yanatosha.

Asalaam aleikum, habari za asubuhi, shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Wadogo zangu mliotoka Muheza na Korogwe na basi la alfajiri karibuni sana, najua mmechoka ila naomba masikio yenu.

Nianze na swali. Programu yako imefanya kazi mezani siku nzima, umeipeleka kwa mteja, wiki ya pili anakupigia simu anakwambia fundi kile kidude kimechanganyikiwa. Unaenda, unazima, unawasha, kinafanya kazi vizuri kabisa. Unarudi nyumbani, siku mbili tatu simu tena. Wangapi hapa hiyo imewakuta? Naona mikono. Naona mikono mingi. Sasa wangapi mlibadilisha kristali, mkabadilisha kapasita, mkabadilisha hadi chipu yenyewe na tatizo likabaki palepale? Haya. Leo tunaongea kuhusu hilo tatizo, manake mara nyingi sana haliko kwenye waya, liko kwenye nafasi iliyopo kati ya mstari mmoja wa programu na mstari unaofuata. Hapo katikati ndo intarapti inapoingia, yaani tukio linaloikatiza programu ghafla ili chipu ishughulikie kitu kingine kwanza, na intarapti haiulizi uko benki gani wala ulikuwa unafanya nini.

Tuanze na hizo benki, yaani mafungu ya kumbukumbu ndani ya chipu. Chipu ambayo wengi wenu mmeanzia ni PIC16F84A, kompyuta ndogo nzima ndani ya chipu moja, halafu mkapanda PIC16F877A. Amri zake kila moja ina biti 14. Ndani ya hizo 14 lazima iingie amri yenyewe ni ipi, jibu liende wapi, na anwani ya rejista unayoitaka, yaani kisanduku cha kumbukumbu, kwahiyo anwani ikabakiwa na biti 7 tu. Biti 7 ni anwani 128 basi. Lakini 877A ina baiti 368 za RAM, na juu yake kuna rejista zote za kazi maalumu, sasa zote hizo utazifikiaje kwa anwani 128? Ndo wakaigawa kumbukumbu mafungu manne ya 128, benki 0 mpaka benki 3, na biti mbili ndani ya rejista ya STATUS, yaani RP0 na RP1, ndo zinaamua sasa hivi uko benki ipi.

Sisi watu wa Tanga hili lisitusumbue. Ukimwambia bodaboda nipeleke Ngamiani nyumba namba 6, kitu cha kwanza atakuuliza barabara ya ngapi, manake namba 6 ipo barabara ya tano na ipo barabara ya tisa. Chipu haikuulizi. Chipu inaenda namba 6 ya barabara uliyokuwepo mara ya mwisho. PORTB, rejista inayowasha na kuzima miguu ya chipu, iko anwani 06h benki 0 (hiyo h ni heksi, kuhesabu kwa kumi na sita), TRISB, inayoamua mguu uwe wa kuingiza au wa kutoa, iko 86h benki 1, ukiondoa ile biti ya juu zote mbili ni 06h. Amri inayoingia kwenye chipu ni ileile, hakuna tofauti hata ya biti moja, kinachoamua ni RP0 peke yake.

Kuna kijana alitengeneza mashine ya kutotoleshea vifaranga, kazi nzuri, boksi zuri, mayai ya kuku siku 21 joto 37.5. Rilei ya hita iko RB0, mguu wa kwanza wa PORTB. Programu inasoma joto, likishuka inaandika BSF PORTB,0, amri ya kuifanya biti hiyo iwe 1, ili hita iwake. Na hita ilikuwa inawaka, ila kuna njia moja ndani ya programu, njia ya mtu akibonyeza kitufe cha kubadilisha joto, ilikuwa inaingia benki 1 na kutoka bila kurudi benki 0. Basi kuanzia hapo ile BSF inaangukia TRISB. Unajua maana yake? Mguu ulioambiwa uwake unageuka kuwa ingizo, unaning'inia, transista inakata, hita inazima. Programu inasema washa, hita inazima, na kadiri joto linavyoshuka ndo programu inazidi kusema washa. Trei zima la mayai lilipoa usiku.

Na asembla, programu inayogeuza amri zako kuwa lugha ya chipu, ilikuwa imemwambia! Asembla hiyo, MPASM, inatoa ujumbe namba 302, inasema rejista hii haiko benki 0, hakikisha biti za benki ziko sawa. Tatizo ni kwamba inautoa kila mara unapogusa rejista ya benki nyingine, hata ukiwa umefanya sawasawa, kwahiyo watu wanauzoea, wanaona mistari arobaini ya 302 wanapita tu. Wengine wanauzima kabisa. Mimi naomba msiuzime mpaka mmeupitia mmoja mmoja, kwa kidole, hata ikichukua saa nzima. Hiyo saa moja ni rahisi kuliko kwenda na kurudi kwa mteja.

Tumeelewana kwenye benki? Sasa tuilete intarapti, na hapa naomba tuende polepole maana ndo penyewe.

Intarapti ikija, chipu inafanya nini? Inamaliza amri iliyokuwa mkononi, inasukuma kihesabu cha programu, PC, kwenye staki ili ijue pa kurudia, inazima biti ya GIE ili intarapti nyingine isiingie, inaruka kwenda anwani 0004h. Basi. Imeishia hapo. W, rejista ya kufanyia hesabu, haijahifadhiwa. STATUS haijahifadhiwa. PCLATH, inayoshika biti za juu za anwani ya kuruka, haijahifadhiwa. Na benki uliyokuwepo iko wapi? Iko ndani ya STATUS. Kwahiyo wewe unayeandika kazi ya intarapti unaamka ndani ya benki usiyoijua, ukiwa na W ambayo sio yako, na kitu cha kwanza unachotakiwa kufanya ni kuihifadhi hiyo W mahali fulani. Mahali gani, kama hujui uko benki ipi?

Nawapa kisa. Fundi mmoja, mtu mzima, mzoefu, alikuwa na programu yake ya kurekodi joto la chumba cha samaki, imefanya kazi miaka kwenye 16F84A. Akaihamishia 877A ili apate nafasi zaidi. W_TEMP, kisanduku cha kuhifadhia W, akaiweka 20h, mwanzo wa RAM ya benki 0, na jedwali la vipimo vya joto akaliweka benki 1 kuanzia A0h. Kila kitu kikakubali. Lakini mara moja moja, labda baada ya masaa, kipimo cha kwanza kwenye jedwali kinakuwa namba ya ajabu ambayo samaki hawajawahi kuiona. Kwanini? Hebu fikirieni. Intarapti imeingia wakati programu kuu iko benki 1. MOVWF W_TEMP, yaani hifadhi W, anwani 20h, lakini tuko benki 1, kwahiyo inaandika A0h. A0h ni kipimo cha kwanza cha jedwali. Na mwisho wa intarapti STATUS inarudishwa, tunarudi benki 1, W inasomwa kutoka A0h, inatoka sahihi kabisa, programu kuu inaendelea bila kuyumba. Hakuna kilichoanguka. Kilichopotea ni kipimo kimoja tu.

Na kwenye 84A kwanini haikuwahi kutokea? Kwasababu 84A ina baiti 68 tu za RAM na zile za benki 1 ni kivuli cha benki 0, ukiandika benki yoyote unafika palepale. Chipu ndogo ilikuwa inamfichia kosa. Mnaona hatari yake? Programu inaweza kuwa na kosa miaka na isionyeshe mpaka siku umebadilisha chipu.

Dawa ipo na iko ndani ya datashiti, kile kitabu cha maelezo cha mtengenezaji wa chipu. Kwenye 877A baiti 16 kuanzia 70h mpaka 7Fh zinaonekana kutoka benki zote nne. W_TEMP iweke humo, STATUS_TEMP humo, PCLATH_TEMP humo, hizo baiti 16 zichukulie ni mali ya intarapti kwanza. Na mtaona mfano wa datashiti unatumia amri ya SWAPF badala ya MOVF kuhamisha namba, wengi wanadhani ni urembo. Sio urembo. MOVF inagusa biti ya Z, inayosema kama jibu ni sifuri, ndani ya STATUS, SWAPF haigusi kitu. Unapotoka, ukishairudisha STATUS, ukitumia MOVF kurudisha W umeiharibu STATUS uliyoirudisha sekunde hiyohiyo, na kule kwenye programu kuu kulikuwa na ulinganisho unasubiri jibu la Z.

Hii shida sio ya chipu za bei rahisi peke yake, jamani. Kompyuta iliyowashusha watu mwezini Julai 1969, Apollo Guidance Computer, ilikuwa na benki. Kumbukumbu ya kufutika maneno 2048, yaani visanduku 2048, imegawanywa benki 8 za maneno 256. Kumbukumbu ya kudumu benki 36 za maneno 1024. Sababu ileile, amri ilikuwa na biti 12 tu za anwani na kumbukumbu ilikuwa kubwa kuliko hizo biti. Na waandishi wa programu pale MIT, timu iliyoongozwa na Margaret Hamilton, walilazimika kuhifadhi rejista ya benki kwa mkono kila intarapti ilipoingia, na kuirudisha kabla ya kutoka. Kazi ileile mnayoifanya nyinyi. Halafu wakati wanashuka, zikatoka zile alamu za 1202, za kusema kompyuta imezidiwa. Rada ya kukutania angani ilikuwa inapeleka pulsi kwenye vihesabio vya kompyuta, kila pulsi inaiba mzunguko mmoja wa kumbukumbu, kama mikrosekunde 11.7, kidogo tu, lakini pulsi zilikuwa maelfu kila sekunde na zikala zaidi ya sehemu moja ya kumi ya muda wote wa kompyuta. Kazi zikaanza kurundikana, nafasi za kuziweka zikaisha. Kilichowaokoa ni kwamba programu ilipangwa mapema, ikizidiwa ijianzishe upya na ishike kazi za lazima tu.

Kwahiyo tuongee muda. Hapa ndo watu wengi hawahesabu, na mimi linaniuma kwelikweli, kwasababu hesabu zenyewe ni za darasa la saba.

PIC yenye kristali ya 4 MHz, amri moja inakula mitetemo minne, kwahiyo amri moja ni mikrosekunde 1, zile za kuruka ni 2. Kutoka tukio mpaka chipu ifike 0004h ni mizunguko 3 au 4. Ongeza amri zako za kuhifadhi. Hivyo vitu vinahesabika, hakuna siri.

Kuna msikiti mmoja walitengenezewa saa ya ukutani, tarakimu kubwa nyekundu, ionyeshe saa na nyakati za swala. Saa imewekwa sawa Alhamisi adhuhuri, Ijumaa watu wanakuja kuswali, saa iko nyuma zaidi ya nusu saa. Waliiweka sawa tena, kesho yake nyuma tena, kiasi kilekile. Kiasi kilekile! Huo ndo ulikuwa ushahidi. Kitu kinachoharibika hovyohovyo kinaweza kuwa waya, kitu kinachochelewa kiasi kilekile kila siku ni hesabu. Taima 0, kihesabu muda cha ndani ya chipu, prisikela, yaani kigawanyi cha mitetemo, 1:4, kristali 4 MHz, inafurika, yaani inajaa na kurudi sifuri, kila baada ya 256 mara 4, yaani mikrosekunde 1024. Mwandishi akaiita milisekunde moja. Mikrosekunde 24 tu za ziada, nani atajali? Kwa siku nzima ni sekunde 2025, dakika 33 na sekunde 45. Hapo mwezi wa Ramadhani mtu anafuturu saa ngapi?

Akaja mwingine kurekebisha, akaweka namba 6 ndani ya TMR0, rejista ya hiyo taima, kila intarapti, ili ihesabu 250 mara 4, mikrosekunde 1000 kamili. Kwenye karatasi imekaa sawa. Lakini ukiandika TMR0 prisikela inafutwa, taima inasimama mizunguko miwili, na mpaka ufike kwenye huo mstari umeshatumia muda wa kuingia na kuhifadhi W na STATUS. Tuseme umepoteza mikrosekunde 8 tu kwa kila milisekunde. Saa inachelewa dakika 11 na ushee kwa siku. Jibu lilikuwa kuacha kuigusa taima kabisa. Chukua Taima 2, weka 249 kwenye PR2, rejista ya kikomo chake, prisikela 1:4, inajirudia yenyewe kila mikrosekunde 1000, na kuchelewa kwako kuingia kwenye intarapti hakuisogezi hata kidogo. Baada ya hapo kinachobaki ni kristali yenyewe, ya 20 ppm, yaani kosa la sehemu 20 kwa milioni, itakukosesha chini ya sekunde 2 kwa siku, na hiyo unaiweka sawa kila Ijumaa.

Wale wa Arduino, zile bodi za kujifunzia, naona mnatabasamu. Ndani ya Uno R3 taima inafurika kila mikrosekunde 1024 hivyohivyo, ni vile tu walioandika millis(), inayohesabu milisekunde, wanazikusanya zile 24 pembeni na zikitimia 1000 wanaongeza milisekunde moja. Kuna mtu alikaa akahesabu kwa niaba yako.

Na ndani ya intarapti usikae. Sisi tunasemwa, Tanga waja leo waondoka leo, basi hiyo iwe sheria ya intarapti. Nimeona programu inatuma maneno kwenye siriali ikiwa ndani ya intarapti. Kwa spidi ya biti 9600 kwa sekunde herufi moja inachukua milisekunde moja na kidogo. Herufi 20 ni milisekunde 20 na zaidi. Taima yako inafurika kila milisekunde moja, na flagi yake, alama ya kusema imefurika, ni biti moja tu, ikishasimama imesimama, haiwezi kukumbuka kwamba imefurika mara ishirini. Utakapotoka utaikuta moja, zile kumi na tisa zimeshapotea. Ndani ya intarapti inua flagi yako, ongeza namba yako, toka. Kutuma maneno ni kazi ya programu kuu.

Najua kuna mtu anasema moyoni, kaka siku hizi tunaandika lugha ya C, kompaila, programu inayoitafsiri, inashughulika na benki, na chipu mpya za PIC16F1 zinahifadhi W na STATUS na benki zenyewe. Kweli kabisa, na nafurahi. Lakini sikilizeni hiki, maana hiki kompaila haikuondolei.

Kiosk cha maji, njia ya Pangani. Sensa ya mtiririko inatoa pulsi kama 450 kwa lita, kila pulsi intarapti inaongeza hesabu. Programu kuu inaangalia, ikifika 2250 ni lita 5, funga vali. Kina mama wakawa wanalalamika, dumu la lita 5 mara nyingine halijai. Mwenye kiosk anaapa hajapunja mtu, na alikuwa anasema kweli. Hesabu ni ya biti 16, chipu ni ya biti 8, kwahiyo programu kuu inaisoma vipande viwili. Hesabu iko 2047, kwa heksi 07FF. Inasoma kipande cha chini, FF. Hapohapo pulsi inaingia, intarapti inaongeza, inakuwa 0800. Programu inarudi inasoma kipande cha juu, 08. Inaunganisha 08FF, yaani 2303. Namba ambayo haijawahi kuwepo! Imezidi 2250, funga vali. Mama ameondoka na pulsi 2048, lita nne na nusu. Na inaweza kutokea kwenye mpito huo mmoja tu, ndo maana mezani hukuiona.

Ukiweka volatile, neno la C la kuilazimisha kompaila isome upya kila mara, inasaidia? Volatile ni lazima, bila hiyo kompaila inaweza isisome upya kabisa, lakini haizuii kusoma vipande viwili. Zima intarapti, nakili hesabu yote kwenye kopi yako, washa, halafu linganisha kopi. Amri chache sana, mikrosekunde chache. Arduino Uno R3 nayo ni ya biti 8, msijidanganye.

Msidhani ni maji tu. Kulikuwa na mashine ya mionzi ya kutibu saratani, Therac-25, kati ya Juni 1985 na Januari 1987 ilijeruhi watu sita kwa mionzi iliyozidi, baadhi wakafariki. Kwenye ajali ya mwisho kule Yakima, Marekani, kulikuwa na namba ya baiti moja iliyotakiwa isiwe sifuri ili ukaguzi ufanyike, na programu ilikuwa inaiongeza moja kila mzunguko. Kila mzunguko wa 256 inarudi sifuri. Mhudumu akabonyeza kitufe wakati huohuo. Ukaguzi ukarukwa. Wadogo zangu, mle hospitali, kwenye taa za barabarani, kwenye mashine za mkonge, kuna hizi baiti. Nawaomba mzihesabu kwa heshima.

La mwisho kabla ya chai, kuandika EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, kwenye 877A, maana hapo benki na intarapti zinakutana. EEDATA, rejista ya data, iko benki 2, EECON1 na EECON2, za kuongoza uandishi, ziko benki 3, unatakiwa kuandika 55h halafu AAh kwenye EECON2 halafu uiwashe WR, biti ya kuanzisha kuandika, zikifuatana bila kitu katikati. Intarapti ikiingia hapo kati chipu inaukataa huo mwandiko, na haikwambii. Zima GIE, andika, washa GIE, rudi benki 0. Mpangilio ni huo, usiubadilishe.

Tukitoka kwenye chai kila meza itapata bodi moja ya 877A, na osiloskopu ni moja tuwe na subira. Mtainua mguu wa RB7 mwanzo wa intarapti, mara tu baada ya kuhifadhi, na kuishusha kabla ya kurudisha, tuone kwenye skrini intarapti yenu inakaa muda gani. Kabla ya kuinua hiyo RB7, mtaje kwa sauti mko benki gani. Nitapita meza kwa meza kuuliza.